Mgonjwa Alichelewa Kufika

Dada yangu hakuwahi kuchelewa popote. Nalisema hili kwanza, tena nalisema kwa sauti, kwa sababu kuna faili mahali fulani linalosema vingine, na nimeambiwa faili halifutwi.

Harusi ya binamu yetu ilipangwa saa nane mchana. Yeye saa sita yuko ukumbini, amekaa peke yake katikati ya viti vitupu, anawauliza wapambaji kama kuna cha kusaidia. Mama alikuwa akisema huyu mtoto hata siku ya kuzaliwa alimkuta mkunga bado anavaa viatu. Kazini wakambandika jina la Kengele. Jina likamganda, hata sisi nyumbani tukamwita hivyo, naye akiitwa hivyo alicheka mpaka mabega yakamtikisika.

Alikuwa mhudumu wa usafi katika hospitali kubwa, ghorofa ya chini, upande wa kliniki. Miaka kumi na tisa. Saa kumi na moja na nusu alfajiri anaandika jina lake kwenye daftari la mahudhurio, herufi moja moja, ulimi nje, maana shule aliiachia darasa la tatu ili abaki nyumbani anilee mimi. Herufi zilimsumbua, lakini saa aliijua barabara, na safu ya saa aliijaza kwa madaha. Halafu anachukua ndoo na dekio, anaanzia mwisho wa korido na kurudi kinyumenyume mpaka mlangoni ili asikanyage mahali palipo maji. Mwaka wa kumi na tano walimpa cheti cha mfanyakazi asiyechelewa. Akakitia kwenye fremu, akakitundika chini ya saa ya ukutani, akanifanya nimsomee mara ishirini. Nikichoka ananiambia, "Soma, we mtoto, nilikubeba mgongoni kwa ajili hiyo."

Sasa niwaeleze mambo ya korido, maana humo ndimo tulimopotelea.

Nje ya dirisha la kliniki kuna mabenchi. Wagonjwa wakifika huweka kadi zao dirishani, moja juu ya nyingine, kwa hiyo kadi ya aliyefika wa kwanza iko chini kabisa. Ikifika saa mbili karani hulibeba rundo zima, hulipindua, na wa kwanza anakuwa wa kwanza. Hivyo ndivyo wanavyotibiwa watu wa nje. Watu wa ndani, yaani wafagiaji, wapishi, wafua mashuka na walinzi, hawaweki kadi. Wao humvizia daktari koridoni. Anatoka chumba namba nne kwenda namba saba, unamkuta katikati, unamwambia, "Daktari, samahani, hapa panauma," naye anakujibu huku anatembea. Dakika moja, umetibiwa. Hakuna kadi, hakuna faili, hakuna benchi.

Dada alijivunia jambo hilo kuliko mshahara wake. Mimi ndiyo kabisa! Mimi ni fundi cherehani, nashonea barazani mbele ya chumba tunachokaa na mama, na mdomo wangu hauna breki. Mteja akilalamika kwamba alikaa hospitali kutwa nzima, namwambia, "Pole, mwenzangu. Sisi tuna mtu ndani." Niliwahi kuumwa koo, dada akanipeleka, daktari akanitazama mdomoni huku anafunga mlango kwa ufunguo. Nilirudi nimevimba kichwa, namsimulia kila mtu. Kumbe nilikuwa najisifia ujinga.

Katika madaktari wote, wa dada alikuwa mmoja tu. Wote walimwita Bingwa, kwa kuwa ndiye daktari bingwa wa upasuaji. Dada ndiye aliyeifungua ofisi yake kila asubuhi, akaipangusa meza yake, akamwekea maji kwenye jagi. Alijua miwani yake anapoisahau. Naye Bingwa alimwita "mama yangu," ingawa walikuwa wa rika moja, na siku ya kufunga mwaka alisimama mbele ya wafanyakazi wote akasema bila Kengele yeye si daktari. Watu wakapiga makofi. Dada alilia. Alivishwa kilemba cha ukoka mbele ya watu, akakivaa miaka yote.

Uvimbe niliuona mimi. Nilikuwa nampima gauni, nimepitisha utepe kifuani, kidole changu kikakutana na kitu kigumu pembeni ya titi la kushoto, kikubwa kama punje ya mahindi.

"Dada, nini hiki?"

"Kipo tu. Wiki ya tatu sasa. Pima, acha uchunguzi."

"Mwonyeshe daktari."

"Unafikiri nafanya kazi sokoni? Kesho namwambia Bingwa."

Kesho yake jioni alirudi na uso mkunjufu. Si kitu, Bingwa kasema. Vitu vya wanawake tu, vinakuja na kuondoka vyenyewe.

"Alikushika?"

"Atanishikaje koridoni, huna haya wewe?"

"Sasa kajuaje?"

Akaniangalia kama mtu aliyetukanwa. "Kajuaje? Yule ni bingwa. Wewe unaujua mshono, yeye anaujua mwili."

Hapa ndipo ninapojichukia. Kwa sababu sikubisha. Mimi niliyesoma mpaka kidato cha nne kwa mgongo wake, nilikata uzi kwa meno nikasema, "Kweli, kama Bingwa kasema, sisi ni nani?" Nikamaliza gauni lake. Lilimkaa vizuri mno.

Ndani ya miezi kumi na mmoja alimwambia Bingwa mara tatu. Mara ya kwanza ni hiyo. Mara ya pili Bingwa akamwuliza kama kinauma, akajibu hakiumi. Basi kama hakiumi usijisumbue, mama yangu. Mara ya tatu kilikuwa kimeanza kuuma, Bingwa akaingiza mkono mfukoni mwa koti, akampa vidonge vya maumivu vilivyobaki kwenye karatasi yake. Dada aliviweka kabatini kama zawadi. Nikimgusia, ananijibu kwamba watu wanapanga foleni tangu alfajiri ili waonwe na yule mtu, yeye anampa dawa kwa mkono wake mwenyewe, sasa nataka nini tena?

Katikati ya miezi hiyo akatokea Wakili. Simjui jina, dada alimwita hivyo kwa kuwa ndiyo kazi yake. Alikuja na mumewe, amebeba bahasha yenye karatasi alizozichapisha kutoka mtandaoni, amezipigia mistari kwa kalamu nyekundu. Alikuwa na uvimbe kwenye titi. Mdogo kama harage. Mlango wa Bingwa ulikuwa wazi kidogo, dada anadeki nje, akasikia yote, na jioni akanisimulia huku anakunja nguo.

"Mdogo wangu, yule mwanamke anauliza! Kwa nini usinipige picha? Kwa nini usikate kinyama ukakipime? Majibu lini? Nani atakayeyasoma? Akipewa jibu, anaandika. Akiandika, anauliza tena. Nimemaliza korido yote, yeye bado yumo."

"Na Bingwa?"

"Amekaa! Amevua miwani, anamjibu moja moja, mpole kama mwanafunzi. Saa nzima nakwambia."

Siku mbili baadaye Wakili akakatwa kile kinyama. Kikatiwa kwenye kichupa, na aliyeitwa kukipeleka maabara ni nani? Dada yangu. Alikibeba kwa mikono miwili, akapita nacho korido ileile. Majibu yalipotoka ilikuwa saratani, ila changa kabisa, na wiki hiyohiyo akapangiwa upasuaji. Siku hiyo dada alirudi amenyong'onyea.

"Maskini Wakili," akaniambia. "Mtu mzuri, msomi, ana watoto wadogo. Mungu amsaidie. Nimshukuru Mungu changu si kitu."

Alisema hivyo. Amekaa kitandani, mkono uko palepale pembeni ya titi lake, anamwonea huruma Wakili. Nami nikaitikia. Wala wazo halikunipitia kichwani kwamba kitu ni kilekile, mwili ni uleule, na daktari ni yuleyule. Baadaye nimejiuliza sana ilikuwaje. Nadhani tuliona Wakili ameonwa vile kwa sababu ugonjwa wake ni mkubwa. Hatukujua kwamba ugonjwa wake ulijulikana kwa sababu ameonwa.

Mwezi wa kumi na mmoja ngozi ya titi ikaanza kujikunja na chuchu ikaingia ndani. Nilimwona anaoga, nikapiga kelele. Sikumsikiliza tena. Nilimkokota mpaka zahanati ya mtaani kwetu, chumba kimoja, pazia limefungwa kwa kamba. Muuguzi wa pale, mwanamke mnene mwenye kikohozi, alimwambia vua. Neno hilo tu! Vua. Akamshika, akamgusa kwapani. Kisha akaketi kuandika barua ya kumpeleka hospitali kubwa.

"Unaenda kesho asubuhi," akasema. "Mwaka mzima ulikuwa wapi, dada?"

"Hospitali," dada akamjibu.

Basi dada yangu akaenda kukaa kwenye benchi. Wenzake walipomwona ameweka kadi dirishani walidhani ni utani. Mwenzake mmoja, yule waliyegawana naye korido, alimvuta mkono: "Kengele, umechanganyikiwa? Bingwa huyo anapita!" Dada akamwambia amepewa barua, na barua inataka benchi. Alionwa na daktari kijana mgeni, ambaye hakumjua wala hakumwita mama yangu. Akamvua, akampima, akampiga picha, akamkata kinyama, akajaza faili. Mambo yote ambayo Wakili aliyapata kwa siku chache, dada aliyapata kwa wiki tano, maana mashine iliharibika, kisha mtu wa kusoma majibu akaenda likizo. Majibu yakatoka. Saratani. Imetoka kwenye titi, imeingia kwapani, imefika kwenye mapafu.

Sikumbuki nilivyotoka kile chumba. Nakumbuka tu tumesimama koridoni, nimeshika faili, tumeambiwa tulipeleke wenyewe kwa Bingwa. Dada akaniambia, "Nisomee wameandika nini. Yote." Nilitaka kumdanganya. Naapa nilitaka. Lakini tangu nijue kusoma alinitegemea macho, na sijawahi kumsomea uongo. Nikasoma majina ya vipimo nisiyoyaelewa, nikasoma elimu: hana, nikafika kwenye mstari wa chini. Mgonjwa alichelewa kufika hospitali.

"Rudia."

"Mgonjwa alichelewa kufika hospitali."

Kwanza alicheka. Alicheka kweli, mabega yakatikisika, akasema, "Mimi? Kengele?" Akageuka kuitazama sakafu aliyoideki miaka kumi na tisa, kama anatafuta mtu wa kumwambia kichekesho hicho. Halafu kicheko kikakatika. Akashika ukuta.

Tuliingia kwa Bingwa. Dada akakaa kwenye kiti cha wagonjwa, kiti alichokipangusa kila siku ya kazi na sidhani kama aliwahi kukikalia. Alikaa ukingoni. Bingwa akasoma faili, akavua miwani, na uso wake ukabadilika. Alisikitika. Sitamsingizia, alisikitika kweli, na hilo ndilo linalonikereketa mpaka leo.

"Mama yangu," akasema, "mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia, daktari."

"Lini?"

"Jumanne. Ulikuwa na kikombe cha chai mkono wa kulia na makaratasi kwapani, umefika karibu na mlango wa stoo. Nikakuambia nina kiuvimbe, ukasema si kitu. Nikakuambia tena siku ile taa ya koridoni iliungua. Mara ya tatu ukanipa vidonge, vilikuwa vinne."

Bingwa akakunja uso. Alijitahidi, niliona anajitahidi, anapekua kichwani.

"Sikumbuki," akasema. "Haki ya Mungu, mama yangu, sikumbuki kabisa."

Hakuwa anadanganya. Heri angedanganya! Mtu anayedanganya anajua alichokufanyia. Huyu hakuwa na habari. Dada yangu alikumbuka kikombe kilikuwa mkono gani, na yeye hakukumbuka kwamba kulikuwa na mtu.

"Basi haya maneno uyafute," dada akasema. "Kwamba nimechelewa. Mimi si wa kuchelewa, wewe unanijua."

"Faili halifutwi, mama. Wala usiyachukulie vibaya, ni maneno ya kawaida. Tunayaandika kwa wagonjwa wengi wa aina hii."

"Aina ipi?" nikauliza mimi. Damu imenipanda.

Dada akanikanyaga mguu chini ya meza. Akainuka, akachomoa ufunguo wa ofisi ile kwenye kamba aliyoifunga kiunoni, akauweka mezani karibu na jagi. Bingwa akasema hapana, kazi yako ipo, utapona utarudi. Dada akatoka. Nje akaniambia, "Miaka yote najiona nimo ndani. Kumbe nilikuwa nimesimama kwenye njia tu, watu wanapita." Kisha akaniomba nimshike mkono, tukaenda.

Walimwondoa titi, wakampa dawa za mishipani. Siku ya upasuaji tuliambiwa tufike saa moja asubuhi. Saa kumi na moja na nusu tuko getini. Akakataa kuingia mpaka mlinzi aandike kwenye daftari lake jina na saa. Mlinzi anamfahamu, anacheka, "Kengele, ya nini tena yote hayo?" Akamwambia, "Andika. Na saa." Kutoka siku hiyo ikawa ndiyo wimbo wake. Muuguzi akimletea kidonge, andika. Akileta uji, andika. Wodini wakamwona msumbufu. Mama akaniambia nimkanye, atawaudhi watu wamwache bila dawa. Mimi sikumkanya.

Tulimwona Wakili mara moja, amekuja kuangaliwa. Nywele zinaota upya, amevaa viatu vyekundu, anatembea mbiombio. Alimjua dada, akamwuliza, "Wewe si ndiye uliyebeba kichupa changu?" Dada akamwambia ndiye. Wakashikana mikono. Sina kinyongo na yule mwanamke, aliuliza tu maswali. Lakini akili yangu ilimfuata mpaka geti, na nikamchukia kila hatua, kisha nikaona aibu.

Dada alifariki mwezi wa nne baada ya upasuaji, siku ya kazi, alfajiri, saa ambayo angekuwa anasaini.

Hospitali ilileta watu wawili mazishini, msimamizi wa usafi na Bingwa. Ndugu walifurahi jamani! Daktari bingwa mzima, na koti lake la suti, kwenye udongo wetu. Wakampa nafasi aseme. Akasema Kengele alikuwa mama yake, akasema bila Kengele yeye si daktari. Kisha akajikohoza, akasema:

"Ndugu zangu, tusiondoke bila fundisho. Ugonjwa huu unatibika ukigunduliwa mapema. Tatizo letu tunachelewa. Tuwahi hospitali."

Watu wakatikisa vichwa. Shangazi yangu akasema, "Kweli kabisa." Nikatazama nyuma, wahudumu wa usafi wamesimama pamoja na sare zao, yule mwenzake wa korido anautazama mdomo wangu. Wote walikuwa wanautazama. Wanajua mimi sinyamazi.

Nikanyamaza.

Kwa sababu mama yangu alikuwa amekaa pale kwenye kiti, miguu imemvimba tangu mwezi ule dada alipolazwa, hapumui vizuri. Na niliwaza, yule akikasirika, mama atatibiwa na nani? Hiyo ndiyo bei niliyomuuzia dada yangu. Watu walipotawanyika Bingwa akanishika mkono, akaniambia, "Mama akizidiwa mlete, usihangaike na foleni. Nitafute tu koridoni." Nami, mdomo huu huu, nikamwambia asante daktari.

Nililala siku tatu bila kugusa cherehani. Siku ya nne nikakishusha kile cheti ukutani, nikakipangusa vumbi, nikakirudisha. Nikamwambia mama avae.

Saa kumi na moja na nusu tulikuwa kliniki. Hapakuwa na mtu. Nikaiweka kadi ya mama dirishani, ya kwanza, chini kabisa, nikakaa naye kwenye benchi na wengine wakaja kuzirundika zao juu. Kwenye saa mbili kasoro Bingwa akapita, makaratasi kwapani. Akatuona, akafurahi.

"Aa! Mbona mmekaa huku kama wageni? Mama, ni miguu? Inauma?" Alikuwa ameshaanza kutembea, amegeuka nusu. "Hiyo ni umri tu, mama yangu, si ki—"

"Daktari," nikasema. Nilisimama. "Usimwambie kitu hapo."

Benchi zima likageuka. Mama akanifinya mkono, "We mtoto, usituharibie." Bingwa akabaki anatabasamu, hajaelewa.

"Ingia ofisini ukae," nikamwambia. "Kadi yetu itakufikia. Utamvua viatu, utamshika, na utaandika. Dada yangu ulimtibu ukiwa unatembea."

Sijui kama alikumbuka. Alinitazama, akatazama sakafu, akaenda zake. Mama alikuwa analia kwa hofu, akiniuliza sasa itakuwaje. Saa mbili karani akaja, akalibeba rundo, akalipindua, akasoma jina la mama. Nikamsogelea dirishani nikamwambia aandike na saa tuliyofika. Akasema kwenye kadi hapana mahali pa saa.

"Andika pembeni, ndugu yangu," nikamwambia. "Saa kumi na moja na nusu."